Drama Mbili na Mama Mkwe Sebuleni

Mwisho wa wiki mimi huutaka kwa jambo moja tu, kulala. Lakini mke wangu ana mdogo wake anayejiita mjuzi wa filamu, na mama yao naye alikuwa amekuja kututembelea, basi kikao kikakaa bila mimi na kikatoa uamuzi: Jumamosi filamu, Jumapili filamu, na zote mbili drama.

Nikauliza kama kuna mtu atakayepigwa hata kofi. "Shemeji," kijana akaniambia kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "hizi ni filamu za kufikiri." Sasa mtu umefikiri siku tano kwa kulazimishwa na mshahara, halafu siku mbili za mapumziko ukae ufikiri kwa hiari yako?

Ya Jumamosi ilikuwa 12 Angry Men, ya mwaka 1957, filamu ya kwanza ya sinema kuongozwa na Sidney Lumet. Nyeusi na nyeupe. Wanaume 12 wanaingia chumbani, mlango unafungwa kwa nje, na safari yote ya filamu imeishia hapo. Nikasubiri watoke. Hawatoki. Dakika 96, na ukiondoa chache za mwanzo na za mwisho, zote wako humo humo na meza yao, viti vyao na choo cha pembeni. Nje kuna jua la kuua, na feni ya ukutani haizunguki.

Hao ni wananchi wa kawaida wa Marekani walioitwa mahakamani kuamua kesi. Kijana wa miaka 18 anashtakiwa kwa kumchoma baba yake kisu akafa. Wakisema ana hatia, ni kiti cha umeme. Lazima wote 12 wawe na neno moja. Wanapiga kura ya kwanza: 11 wanasema ana hatia, mmoja anasema hapana.

Huyo mmoja ni Henry Fonda, na mimi mtu huyo namfahamu vizuri. Yuko katika kila kikao nilichowahi kukaa. Watu wameshafunga madaftari, mwenyekiti ameshasema "kama hakuna mengineyo", mmoja ameshasimama kutafuta funguo zake, ndipo yeye anakohoa kidogo: "Samahani, mimi nina kajambo." Mtu wa aina hiyo namchukia kwa moyo mkunjufu, na hii filamu imenilazimisha nimpende kwa saa moja na nusu. Hilo nalihesabu kama kuonewa.

Mtu wangu mimi alikuwa mjumbe wa saba, yule mwenye kofia na tiketi za besiboli mfukoni. Huyo nilimwelewa tangu alipotazama saa mara ya kwanza. Hana chuki na mtu, anataka tu kwenda zake. Baadaye anabadilisha kura ili mambo yaishe, na mwenzake mmoja anamshukia kweli kweli: unachezea roho ya mtu kwa sababu ya mchezo? Mke wangu hakusema kitu. Aligeuza shingo tu, akaniangalia mimi, kisha akarudi kwenye televisheni. Nikavuta mto.

Na hiyo feni! Wanalalamika joto, wanajifuta makwapa, wanagombana, mpaka mvua inakuja na giza linaingia, wanawasha taa, na feni inaanza kuzunguka. Kumbe swichi ni moja. Wanaume 12 wenye akili timamu wamekaa kuamua kama mtu afe au aishi, na hakuna aliyejaribu kuwasha taa. Ningekuwa mshtakiwa ningekata rufaa kwa hoja hiyo peke yake.

Shemeji naye hawezi kukuacha utazame kwa amani. Akatueleza kwamba Lumet alicheza na kamera: mwanzoni inawatazama wale watu kutoka juu kidogo na chumba kinaonekana kipana, katikati inashuka usawa wa macho, na kuelekea mwisho iko chini, imebadilishwa lenzi, kuta zimesogea na dari limeanza kuonekana. Elimu nzuri. Mimi nilichokuwa nimegundua ni kwamba pumzi inanibana, nikadhani ni yeye, na nilikuwa nimeshamsukuma kwa kiwiko mara mbili.

Lakini pale iliponipata kabisa ni kwa mjumbe wa nne. Huyu ni bwana wa soko la hisa, miwani, tai imenyooka, joto lote lile yeye hatoki jasho, na wenzake wameshamuuliza. Sasa, moja ya mambo yanayomkaba yule kijana ni hili: alisema wakati wa mauaji alikuwa sinema, na polisi walipomuuliza ametazama filamu gani, hakukumbuka majina yake wala waigizaji. Bwana wa hisa anasema huo ni uongo wa wazi. Fonda anamgeukia taratibu. Jana usiku ulikuwa wapi? Juzi je? Na kabla ya juzi? Bwana anarudi nyuma usiku mmoja mmoja mpaka anaufikia ule aliokwenda sinema na mkewe, filamu mbili mfululizo. Ya kwanza anaitaja. Ya pili anaikosea jina, mwenzake aliyeiona anamrekebisha. Waigizaji? Anatafuta, anatafuta, hawapati. Na kamera imemkaa usoni, na pale kwenye paji la uso wa mtu asiyetoka jasho linaonekana jasho, anatoa leso, anajifuta.

Mke wangu akasimamisha filamu.

"Mwezi uliopita tulitazama nini?"

"Ile ya yule mwenye ndevu."

"Anaitwa nani?"

"Si yule aliyecheza na yule mwingine."

Mama mkwe akaguna. Hapo nikajua kwamba siku nikishtakiwa kwa lolote, hata la kuku, nimekwisha. Ushahidi wangu wote ni kwamba nilikuwa kwenye kochi, na nusu ya kila filamu maishani mwangu nimeitazama nikiwa nimefumba macho. Fonda mwenyewe angekusanya koti lake.

Nililala usiku huo nikikereka kwamba filamu ya watu kukaa ilikuwa imeninyima usingizi.

Jumapili ikaja Kramer vs. Kramer, ya mwaka 1979, ya Robert Benton. Shemeji akaipigia debe kwa tuzo: ilipata Oscar tano, ikiwemo ya filamu bora, na mtoto anayeigiza humo, Justin Henry, aliteuliwa akiwa na miaka 8. Ile ya Jumamosi iliteuliwa mara tatu ikatoka mikono mitupu. Kwa hiyo, kwa hesabu za shemeji, Jumapili ingekuwa tamu zaidi.

Dustin Hoffman ni Ted, mtu wa matangazo ya biashara New York, kazi kwanza na nyumba baadaye. Usiku anaorudi na furaha ya kazi kubwa aliyopewa, mkewe Joanna, yaani Meryl Streep, amefunga sanduku. Anaondoka. Anamwachia mtoto, Billy.

Asubuhi yake ndiyo iliyotufanya tusimame. Baba anaamua kupika mkate wa kuchovya kwenye mayai. Anavunjia mayai kwenye kikombe cha kunywea. Mkate hauingii, anaukunja. Mtoto anamwangalia. Kikaango kinafuka moshi, anakishika kwa mkono mtupu, kinamuunguza, kinakwenda chini, na matusi yanafuata. Nilicheka peke yangu. Wanawake wawili waliokuwa kulia kwangu hawakucheka hata kidogo, walikuwa wakitikisa vichwa kwa pamoja kama mashahidi waliokwisha kupanga maneno. "Baba," mama mkwe akaniuliza kwa upole, "kikaango cha humu ndani kinakaa wapi?"

Namshukuru Mungu filamu iliendelea. Ila ilikoendelea sasa! Ted analeta mwanamke nyumbani, usiku mwanamke anatoka chumbani kwenda msalani akiwa hana hata uzi, na kwenye korido anakutana na mtoto. Mama mkwe yuko hapa, rimoti haiko hapa. Nikatafuta chini ya mito, nikatafuta chini ya mkeka, nikakohoa, nikauliza nani anataka maji. Wakati huo mtoto anamuuliza yule mama kwa utulivu kama anapenda kuku wa kukaanga. Mama mkwe ndiye aliyecheka, tena mpaka machozi. Mimi nilikuwa bado niko magotini chini ya meza. Shemeji alikuwa ameiona filamu hiyo zamani na hakunitonya. Hilo sitalisahau.

Sasa maoni yangu, maana nimeulizwa na nimezuiwa kulala. Filamu ni nzuri lakini ina ujanja. Inamfuata baba hatua kwa hatua. Tunamwona akijifunza, akimbeba mtoto aliyeanguka kutoka kwenye vyuma vya kuchezea watoto na kukimbia naye barabarani hadi hospitali, akifukuzwa kazi, akikubali nyingine yenye mshahara mdogo kwa sababu kesi imefika na hawezi kusimama mahakamani bila kazi. Mpaka karibu na mwisho, baba na mwana wanapika tena ule mkate, bila neno, kila mmoja anajua zamu yake, na koo lilinikaba, sitaki kudanganya. Mama mkwe akaharibu kila kitu kwa swali moja: "Huyu mama amevunja hayo mayai miaka mingapi kabla ya kuondoka? Mbona hakupigwa picha?"

Hakuna aliyemjibu. Ndiyo kasoro yake. Baba amepewa filamu nzima kujieleza, mama kapewa kiti cha ushahidi. Na hata hapo mahakamani, maneno ya Joanna yana uzito kwa sababu Streep mwenyewe aliyaandika upya kwa idhini ya Benton. Asingeyaandika, angebaki kuwa sanduku linalotoka na kurudi. Kwa hiyo mimi nasimama na wale wazee wa Jumamosi: chumba kimoja, kila mtu kasikilizwa, hata mwenye tiketi za besiboli.

Shemeji akasema sielewi sanaa, nitazame mwisho ulivyo. Nimeutazama. Wakili anamwambia Ted kesi itamgharimu dola 15,000, na hiyo ni kama wakishinda. Wanapigana, wanachafuana mbele ya hakimu, Ted anashindwa, mtoto anapewa mama. Siku ya kumchukua, Joanna anafika chini ya jengo, anamwita Ted ashuke, na hapo hapo kwenye ukumbi wa kuingilia, wawili tu, wamesimama, anasema hatamchukua mtoto. Anajifuta machozi, anaingia kwenye lifti, mlango unafungwa, majina yanaanza kupanda.

Yaani yamezungumzwa na kumalizwa kando ya lifti, bure.

Shemeji alikuwa kimya, ameguswa. Mke wangu alikuwa akitafuta leso. Mama mkwe akasubiri muziki upungue, akanigeukia mimi kwa kuwa ndiye mwenye nyumba.

"Na wakili je, baba? Anarudisha hela?"