Kulia na Kushoto Havianzi Pamoja

Mwanangu, aliyeanza darasa la kwanza hapa Nagoya, aliambiwa na mwalimu afute kanji (herufi ya Kijapani iliyotoka China) ya 右, yaani kulia, ambayo machoni pangu haikuwa na kasoro yoyote. Kosa halikuwa katika umbo. Alikuwa ameanza na mstari wa kulala, kama inavyoanzwa 左, yaani kushoto, ilhali shule za Japani hufundisha kwamba 右 huanza na mstari unaoteremka kuelekea kushoto. Nchini China herufi zote mbili huanza na mstari wa kulala, kwa hiyo mtoto angekuwa upande wa pili wa bahari angepewa vema.

Nilikasirika, nakiri. Nilikulia Tanga, ambako chuoni, tulipojifunza herufi za Kiarabu, tulizoeshwa kuandika kiwiliwili cha neno kwanza ndipo turudi kutia nukta, lakini katika shule ya msingi mwandiko ulipimwa kwa uzuri tu. Siku hizi naona Wajapani wana hoja. Mtu anapoandika haraka, mistari huungana, na msomaji huitambua herufi kwa sababu mikono yote imepita njia moja. Tena, kamusi ya karatasi hupekuliwa kwa kuhesabu mistari: 口, mdomo, ina pande nne, lakini huhesabiwa mistari mitatu kwa kuwa kona ya juu kulia hupindwa bila kuinua kalamu.

Kabla ya kuhesabu, hata hivyo, hutafutwa bushu, yaani sehemu inayoiweka herufi katika ukoo wake. Kamusi ya Kangxi, iliyotolewa China mwaka 1716, ilizipanga koo hizo kuwa 214. Mimi mtu wa pwani nilianzia kwa samaki: 鮪 ni jodari, 鯖 ni jamii ya vibua, na 鰯, iliyobuniwa Japani kwa kuunganisha samaki na udhaifu, ni dagaa. Nyangumi naye, 鯨, amo humo humo, na upinde wa mvua, 虹, umewekwa pamoja na wadudu. Wenzangu wa nyumbani hulicheka jambo hili, wakisahau kwamba katika ngeli zetu kifaru, pamoja na ukubwa wake wote, huvaa ki- ile ile ya kisu na kijiko.

Nisichokipenda ni ukali wa kusahihisha iwapo ncha ya mstari imesimama au imeruka kidogo. Mwaka 2016 Wakala wa Utamaduni wa Japani ulitoa mwongozo unaoeleza kwamba tofauti nyingi za namna hiyo haziifanyi herufi kuwa kosa, lakini kalamu nyekundu niliyoiona kwenye daftari la mwanangu haikuonekana kuusoma.

Juzi nilikuwa nikimwandikia bibi yake barua kwa Kiswahili. Mtoto alinitazama kwa muda, kisha akauliza herufi k huanzwa na mstari upi. Nilijaribu kuiandika polepole mara tatu, na kila mara nikaanza mahali tofauti.