Mjerumani wa Kigamboni

Huko Hamburg anakoishi baba mdogo, pikipiki ina likizo. Sitanii. Kuna vibati vya namba vinavyoandikwa miezi, 04 juu na 10 chini, maana yake chombo kimelipiwa kutembea Aprili hadi Oktoba. Ukikutwa nacho barabarani Desemba, ni kesi. Wakati wa baridi kinafunikwa turubai, kinalala. Niliposimulia hayo kijiweni, kijana mmoja aliyepewa pikipiki ya mkataba akauliza, "Na hesabu ya bosi nayo inalala?"

Aliyetuletea habari hizo ni mdogo wangu, mtoto wa huyo baba mdogo, kazaliwa hukohuko na alikuja Dar kusalimia ndugu. Kiswahili anacho, ila ni kile cha kufundishwa na mzee mezani: "Samahani ndugu, naomba nikuulize." Siku ya kwanza tu kijiwe kikambatiza Mjerumani. Leseni ya pikipiki anayo na ameitolea jasho. Kwao, ukiacha darasa na mazoezi ya kawaida, sheria inakudai masomo 12 maalumu ya barabarani: 5 nje ya mji, 4 kwenye zile barabara zao za mwendo mkali, na 3 gizani. Mimi daraja A yangu niliipata kwa kuzunguka koni kwenye uwanja uliokuwa na mbuzi.

Sasa, asubuhi moja shangazi alitutuma soko la Feri, ng'ambo ya pili, kuchukua samaki. Mchana alikuwa na wageni, na shangazi akiwa na wageni nyumba nzima tunakuwa jeshini. Nikatoa pikipiki, nikavaa helmeti. Mjerumani akasema, "Kaka, kwanza tuikague."

Akapiga magoti mchangani na tochi ya simu. Akabonyeza matairi. Akawasha indiketa, akazunguka nyuma kuhakikisha zinawaka, na ya kushoto ikawaka, jambo lililonishangaza mimi mwenye mali maana nilijua ilishakufa. Akafika kwenye cheni, akanyamaza. Akainyanyua kwa kidole. Ikanyanyuka. Ikaendelea kunyanyuka.

"Kaka, hii inatakiwa icheze sentimita mbili au tatu hivi."

"Hiyo ndiyo kwanza imekaa," akadakia fundi wetu, ambaye banda lake liko jirani na masikio yake yako kila mahali. "Juzi tu nimeikata pingili."

Mjerumani akaugusa ule weusi unaong'aa, akauliza ni grisi ya aina gani. Akajibiwa ni oili chafu, ile tunayoitoa kwenye injini tukibadilisha oili. Unachovya brashi, unapaka, maisha yanaendelea. Basi akaanza kueleza, taratibu, kwa adabu zote, kwamba oili hiyo imebeba vumbi la chuma, na ikikutana na mchanga wa Kigamboni inageuka msasa unaosaga cheni na sproketi usiku na mchana. Akatuonyesha meno ya sproketi ya nyuma. Kweli bwana, yalikuwa yamechongoka na kulalia upande mmoja.

"Ndiyo maana yakiisha tunabadilisha," fundi akasema, akarudi bandani kwake amenuna.

Ikaamuliwa: Kariakoo kwanza, tununue cheni mpya na sproketi zake zote mbili, halafu Feri kwa samaki. Na Mjerumani akaomba aendeshe yeye. Mgeni hanyimwi, nikampa ufunguo, nikakaa nyuma.

Kasheshe ya kwanza ikawa gia. Pikipiki yangu gia zote unakanyaga mbele. Ya kwake huko ya kwanza unakanyaga, zinazobaki unanyanyua kwa kidole cha mguu. Kwa hiyo kila alipotaka kuongeza, akawa anapunguza. Injini inapiga kelele za kuomba msaada, sisi tunatambaa, watoto wa shule wanatupita kwa miguu wakitupa pole. Mpaka tunafika kwenye pantoni nilikuwa nimeshashuka kwa aibu mara kadhaa nikijifanya nakagua tairi.

Ng'ambo tukaingia Sokoine Drive, tukakuta foleni imekaza. Mjerumani akajipanga nyuma ya lori la mchanga, akaweka mguu chini, akatulia. Kwao huruhusiwi kupenya katikati ya magari. Pikipiki inapanga foleni kama gari, na moshi inakula kama gari. Bodaboda wanatupita kulia, wanatupita kushoto, mmoja na kitanda cha futi tano mgongoni. Wa nne au wa tano akasimama kabisa.

"Oya, imezima?"

"Hapana ndugu, ahsante. Tunasubiri foleni."

Yule kijana alinitazama mimi, siyo yeye. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Anaumwa?"

Tulipotoka hapo ndipo tukakutana na yule mama wa kivuko cha pundamilia. Kabeba kapu la nyanya, kasimama ukingoni, anasubiri upenyo. Mjerumani akafunga breki, akamwonyesha kwa mkono apite. Mama akaangalia nyuma yake kuona anaitwa nani. Hakuna mtu. Akatukazia macho.

"Pita tu, mwanangu."

"Hapana mama, tafadhali pita wewe."

"Mie sina haraka. Pita."

"Mama, hapa ni haki yako."

Neno haki ndilo lililoharibu. Mama akarudi nyuma hatua mbili, akakumbatia kapu lake. Nyuma yetu daladala limelala na honi, konda ametoka mlangoni mpaka kiunoni: "We helmeti kubwa! Unamposa?" Mwisho mama alivuka, lakini alivuka akikimbia na kutuangalia kwa jicho la pembeni, na nina hakika mpaka leo anasimulia namna alivyonusurika kuibiwa nyanya.

Pale mzunguko wa Mnara wa Saa Mjerumani akasimama tena. Kwao wanapita upande wa kulia wa barabara, mzunguko wanauzungukia kushoto mwao wakiingia kulia, hivyo macho yake yakawa yanatafuta magari kule ambako hayatoki. Yanakotoka hatazami. Bajaji, pikapu, mkokoteni wa maji, vyote vinakuja kutoka kulia, yeye anachungulia kushoto na kusema, "Njia ni nyeupe." Sikuwa na muda wa maelezo. Nikaishika ile helmeti yake kwa mikono miwili, nikaigeuzia kulia. Akasema, "Aa." Kuanzia hapo kila njia panda nilikuwa namgeuza hivyohivyo, na watu waliotuona walijua ni mchezo wa sarakasi.

Kariakoo haikutusumbua kwenye bei, ilitusumbua kwenye kibanio. Cheni ya pikipiki inaungwa na kiungo chenye kijibanio chembamba, kidogo kiasi kwamba ukikidondosha kwenye mchanga umeshakula hasara. Mjerumani akasema upande uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, ule wenye mdomo ubaki nyuma, kisije kikakwanyuka. Hapo alikuwa sahihi, na hata fundi wa pale barazani alijua. Tatizo ni kwamba fundi alikuwa amekiweka vizuri tayari. Mjerumani aliisoma cheni ikiwa upande wa chini, na chini cheni inarudi nyuma wakati juu inakwenda mbele... au kinyume chake; ukikaa uitazame sana hiyo cheni na wewe utapotea. Akaomba koleo, akakigeuza. Fundi akakigeuza tena. Mjerumani akachora mshale kwenye boksi la cheni. Fundi akasema yeye hafungi pikipiki kwa michoro. Kikatoka, kikarudi, kikatoka. Mwenye duka akaingilia kati kama mshenga, kikarudishwa kwa mara ya mwisho, huku kimeshalegea kwa kuvutwavutwa na kila mtu akiamini ni upande wake ndio ulioshinda.

Feri tukapata changu wazuri na tasi, macho bado yanang'aa, wakatiwa kwenye ndoo. Kutoka hapo nikashika usukani mimi. Mjerumani akakaa nyuma amekumbatia ndoo, maji ya samaki yanamchuruzika kwenye viatu vyake vya kuendeshea pikipiki, vya ngozi, vyenye vyuma vifundoni.

Pantoni lilijaa. Lilipofika Kigamboni maji yalikuwa yamekupwa, kile kilima cha zege cha kutokea kikawa kirefu na kinateleza. Mlango ukashuka. Mnaojua mnajua: pale hakuna wa kwanza wala wa mwisho, watu, baiskeli, matoroli ya soda na bodaboda wote wanatoka kwa pamoja, na nyuma yao magari yameshawasha injini. Nikatia gia, nikafungua moto, tukapanda mpaka katikati ya kilima.

Kacha!

Injini ikanguruma kwa furaha, maana haikuwa na mzigo tena. Pikipiki ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma. Nikakanyaga breki, nikageuka, nikaiona cheni mpya ya Kariakoo imejinyoosha kwenye zege, inameta, haina hata chembe ya oili chafu.

"Shuka! Shuka!" Mjerumani akashuka. Ndoo ikashuka pia, ila yenyewe haikusimama. Changu na tasi wakateleza kilimani kuelekea baharini walikotoka, na kabla hata mimi sijapiga kelele, kunguru wa Feri walikuwa wameshafika. Sijui wanapeana habari vipi wale ndege. Mmoja alimkamata tasi mkia, mwingine akamkamata kichwa, wakawa wanagombana juu ya boneti ya taksi. Akina mama wawili wakanisaidia kuokota, wa tatu akaokota wake akaenda zake. Nilimwona. Alikuwa changu mkubwa kuliko wote.

Ninainuka na ndoo, namtafuta Mjerumani anisaidie kusukuma, simwoni. Kumbe kafungua begi, katoa kizibao cha riflekta cha njano kinachowaka. Kwao tangu 2014 kila gari linatakiwa kuwa nacho, na yeye hata kwenye pikipiki anakibeba. Chombo kikikuharibikia njiani, unavaa, unalinda usalama. Akavaa. Akasimama katikati ya kilima, akanyoosha mkono kuzuia gari la kwanza lisitukanyage.

Gari likasimama.

Hapo nadhani damu ilimchemka. Mwezi mzima hajawahi kumwona mtu wa Dar akisimama kwa sababu yeye kasema. Akazuia na la pili. Akawaelekeza waenda kwa miguu wapite kushoto, wakapita kushoto. Matoroli kulia. "Tafadhali, mmoja mmoja. Ahsante. Wewe baba, subiri kidogo. Ahsante." Dereva wa lori la saruji akatoa kichwa dirishani, "Kiongozi, nije?" Akamwambia bado. Lori la saruji, jamani, likangoja! Bibi mmoja akamuuliza pantoni la mwisho usiku linaondoka saa ngapi, akajibiwa, "Samahani bibi, sina uhakika," naye akaguna, "Hawa vijana wapya bwana."

Mfanyakazi halisi wa pale, naye mwenye kizibao chake kilichofifia, akasogea na kumtazama juu mpaka chini, hasa vile viatu.

"Wewe uko zamu ya nani?"

"Mimi ni mgeni tu, ndugu."

Yule bwana akaangalia kilima. Hakikuwa kimetulia hivyo siku nyingi. "Basi mgeni," akasema, "malizia hayo magari, mimi nakunywa chai pale narudi."

Mimi muda huo niko pembeni na bodaboda mmoja msamaria, kibanio hatukioni, kimeshaingia baharini. Akachomoa waya wa kufungia nondo uliokuwa umeshikilia tenga la kuku kwenye keria yake, akapitisha kwenye kiungo, akazungusha kwa koleo, akakata. "Utafika nayo mpaka Mbagala hiyo." Nikamkinga kwa mgongo wangu ili Mjerumani asione.

Simu ikaita. Shangazi.

"Mko wapi?"

"Tumeshavuka, shangazi. Tuko hapa feri."

"Wageni wanaingia! Mnafanya nini huko?"

"Dogo anaongoza magari."

Akakaa kimya. Nyuma yake nikasikia mtu anauliza vikombe viko wapi.

"Magari ya nani?"

"Ya kutoka kwenye pantoni. Wamempa zamu."

"Haya," akasema shangazi. "Akitoka kazini mwambie apitie mkaa."