Mbayuwayu Hawaji Likizo

Kila mwaka ikifika Aprili, kazini kwetu hapa Norfolk, Uingereza, hakosi mtu wa kuwaona mbayuwayu na kutangaza kwa furaha kwamba "ndege wetu wamerudi". Wetu! Aliyetangaza mwaka huu akaongeza kwamba maskini wameichoka likizo yao ya Afrika. Nilikuwa nakoroga chai, nikanyamaza, maana mwenyewe ndiyo kwanza nimetoka kwetu Muheza, Tanzania, na kila aliyeniona aliniuliza kama likizo ilikuwa nzuri. Likizo ya kumuuguza mama. Haya.

Tuanze na hilo "wetu". Mwaka 1555 askofu mmoja wa Sweden, Olaus Magnus, alichapisha kitabu chenye picha ya wavuvi wanavuta wavu, ndani yake samaki na mbayuwayu wamechanganyika, kwa sababu watu waliamini kwamba baridi ikianza ndege hao hulala chini ya maji. Baadaye wengi walikubali kwamba wanahama, lakini wa Uingereza wanafikia wapi hasa? Mei 1911 wakili wa Staffordshire, John Masefield, akamvisha mmoja pete ya utambulisho mguuni. Desemba 1912 ndege huyo akakamatwa kwenye nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini. Kwa hiyo wenye mali walikaa karne na karne bila kujua mali yao inashinda wapi nusu ya mwaka.

"Lakini wanazaliana huku," utaniambia. Sawa, wanataga huku, kwenye mazizi ya farasi na magereji, na sheria ya 1981 inakataza kuvunja kiota kinachotumika. Ni sheria nzuri, siinyimi sifa. Ila kama kuzaliwa ndiyo hoja, mwanangu kazaliwa Norwich na shuleni bado wanamuuliza kwao hasa ni wapi.

Kinachonichoma zaidi ni manyoya. Mbayuwayu anayewafurahisha watu hapa Aprili, mgongo unang'aa bluu, mkia umechongoka kama mkasi, nguo hiyo hakuishonea Ulaya. Manyoya yake ya kurukia karibu yote anayabadilisha akiwa Afrika. Na habadilishi kwa mkupuo kama kuku anayenyonyoka, kwa kuwa chakula chake chote kinapaa. Akishindwa kuruka amekufa njaa. Basi unyoya mmoja unadondoka bawa la kulia, mwenzake bawa la kushoto, anangoja mapya yaote, ndipo yafuate mengine. Kazi hiyo inachukua miezi. Nenda Muheza Januari, simama chini ya nyaya za umeme asubuhi kabla hawajatawanyika: huyu bawa lina pengo, yule mkia umebaki kibutu, kifua kimepauka. Wanatia huruma. Halafu wanarudi Ulaya wamependeza, majike yanachagua madume yenye mikia mirefu, na mkia huo umeota kwa wadudu wa kwetu. Wataalamu wakichukua unyoya huku na kuupima, kemikali zilizomo zinawaonyesha ni mazingira ya aina gani huko Afrika alikokuwa akila ulipoota. Ushahidi ameuvaa mwilini, na bado mtu anasema alikwenda kupumzika!

Mnangoja niseme habari ya viza na kiumbe wa gramu 20 anayevuka Sahara bila kuulizwa karatasi. Hiyo kila mtu ameshaiandika.

Na ndiyo, kabla mjuaji mmoja hajaniandikia: wa hapa Norfolk wanaelekea Afrika Kusini, na ninaowaona Muheza huenda wametoka Urusi au huko mashariki zaidi. Kwa hiyo simwoni ndege yuleyule pande zote mbili. Sawa, nimekubali. Nawatazama hivyo hivyo. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha, kumbikumbi wakaanza kufoka ardhini pembeni mwa uwanja wa mpira, mbayuwayu wanashuka mpaka usawa wa magoti ya watoto. Watoto wanagombania kumbikumbi wa kukaanga, ndege wanawadaka wale waliowaponyoka. Mechi inasimama.

Nyumbani nako msijione watakatifu. Shangazi yangu, nampenda, hajanipa hata maji ya kunywa ananiuliza, "Na safari hii unaondoka lini?" Nikikaa miezi mitatu nimekuja kutembea. Nikimwonyesha ndege kwenye nyaya ananiambia wale ni wageni, wa Ulaya. Shangazi, wanakaa hapa tangu Oktoba mpaka Machi! Mpangaji wako wa chumba cha uani hajawahi kukaa muda wote huo, na yeye unamwita jirani.

Mlioko Muheza, Korogwe na Lushoto, kuanzia Septemba tazameni nyaya. Niambieni wamefika lini, na mkia angalieni vizuri, maana picha mlizonituma mwaka jana zote zimepigwa kwa mbele.