Newfoundland: Wavuvi Waliokataa Walowezi Walikuwa na Hoja

Watoto wanaposimuliwa jinsi Waingereza walivyoanza kuishi Newfoundland, kisiwa kikubwa cha mashariki mwa Kanada, hadithi huanza Agosti 1610, John Guy, mfanyabiashara wa Bristol, alipofikisha watu 39 kwenye bandari ndogo ambayo leo huitwa Cupids, wakajenga nyumba, ghala na boma la miti. Simulizi hilo lina shujaa, na lina adui pia: wafanyabiashara wa samaki wa magharibi mwa Uingereza, ambao hawakutaka mtu ahamie huko moja kwa moja. Hao huelezwa kwa neno moja tu, choyo, na hapo mtoto hupunjwa.

Walowezi nao wana haki yao. Kampuni iliyowatuma, iliyopewa hati na Mfalme James wa Kwanza mwaka huohuo, iliamini kwamba anayekaa mwaka mzima atalinda mali na kujilimia chakula chake. Guy hakutanguliza silaha, kwani Novemba 1612 alikutana na Wabeothuk, wenyeji wa kisiwa, katika ghuba ya Trinity, wakapeana zawadi na kula pamoja.

Lakini wavuvi walikuwa wakivuka Atlantiki kwa miongo mingi kabla ya Guy, wakivua samaki aina ya kodi wakati wa kiangazi, wakiwaanika ufukoni na kurejea kwao kabla ya theluji. Walijua kisiwa kile kinatoa nini na kinanyima nini. Katika majira ya baridi ya 1612 hadi 1613 kiseyeye kiliwakumba walowezi wengi wa Cupids, na wanane wakafa. George Calvert, bwana mwenye fedha na cheo, alikaa Ferryland, makazi mengine ya kisiwa hichohicho, majira ya baridi ya 1628 hadi 1629, kisha akamwandikia Mfalme Charles kwamba kati ya watu mia moja nusu walikuwa wagonjwa, na tisa au kumi wamekufa. Akaondoka kutafuta nchi yenye joto. Mvuvi aliyekuwa nyumbani kwake Devon, magharibi mwa Uingereza, miezi hiyo hakuwa mjinga.

Jambo linalosahaulika zaidi ni misumari. Wavuvi walipoondoka, vibanda vyao na chanja za kuanikia samaki vilibaki bila mtu. Wabeothuk walikuja, wakaikusanya misumari, wakaiponda kuwa vyembe vya mishale na vya chusa. Walipata chuma bila kuuza ngozi, bila deni, bila kumtegemea mgeni yeyote, tofauti na mataifa mengi ya bara ambayo biashara ya manyoya iliyafunga kwa wanunuzi wake. Wazungu waliuita wizi. Hata hivyo, maadamu wageni walikuwa wa msimu, ufuko uliwarudia wenyeji kila mwaka, pamoja na sili na ndege wake. Makazi ya kudumu yaliuziba mlango huo bandari baada ya bandari. Wabeothuk wakasukumwa ndani ya kisiwa, mbali na pwani, kwenye njaa, na wakaandamwa na risasi na kifua kikuu. Shanawdithit, anayetajwa kuwa wa mwisho kujulikana, alikufa St. John's, mji wa kisiwa hicho, mwaka 1829, ingawa Wamikmaq, wenyeji wengine wa eneo hilo, hadi leo husimulia kwamba damu ya Wabeothuk ingali hai miongoni mwao.

Sidai kwamba wavuvi walipinga makazi ya kudumu kwa kuwahurumia wenyeji. Walitetea faida yao, na baadhi yao walimwaga damu vilevile. Ninachosema ni kwamba mpango wao, kwa bahati zaidi kuliko kwa wema, uliacha nafasi ambayo mpango wa Guy, pamoja na zawadi zake zote, haukuiacha.

Mwaka 1675 serikali ya London iliamuru walowezi waondoke kisiwani. Amri hiyo haikutekelezwa, na wavuvi wenyewe walikuwa wameshachangia kuidhoofisha: kwa kuchoka kupoteza misumari na mashua, walikuwa wakiacha watu wachache wa kulinda vibanda wakati wa baridi, na baadhi ya walinzi hao hawakurudi tena Uingereza.