Falsafa itangulie dodoso

Mwanafunzi wa uzamivu wa uuguzi siku hizi huanza na dodoso. Swali la utafiti halijaiva, lakini tayari ana kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10 na anaulizia programu ya takwimu iliyo rahisi. Takwimu sizikatai. Ila hebu ipeleke karatasi hiyo wodini kwa mama aliyefanyiwa upasuaji jana, umuulize maumivu yake ni ngapi. Atakwambia, "Afadhali, namshukuru Mungu." Ukimbana sana: "Basi weka tano." Tano hiyo inaingia kwenye kompyuta, inatafutiwa wastani, na hakuna anayeuliza tumepima nini: maumivu, heshima kwa sista, au hamu ya kuachwa alale?

Hilo ni swali la falsafa, na digrii ya juu kabisa ya uuguzi isiyomlazimisha mtu kulikabili naiona ina kasoro. Nilikoliona somo lenyewe likifundishwa, lilikuwa la muhula mmoja: wanafalsafa wa sayansi Popper na Kuhn, mtihani, kwisha.

Barbara Carper, muuguzi wa Marekani, alimaliza tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1975 kwa kuchambua maandishi ya wauguzi, akitafuta wanajuaje wanachokijua. Makala yake ya 1978 ikataja njia nne: sayansi, sanaa ya uuguzi, maadili, na ile ya muuguzi kujijua nafsi yake. Hadi leo wauguzi wanabishana naye. Tasnifu ngapi za madodoso zimepata bahati hiyo?

Wala si lazima tuagize kila kitu Marekani. Mwanafalsafa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwaendea wazee wenye hekima vijijini, akawahoji na kubishana nao. Akawatenga wanaorudia hekima ya jamii na wale wanaoihoji. Mimi ningempa mwanafunzi wa ukunga kazi hiyohiyo: akae na wakunga wakongwe, atafute nani anafuata mwongozo tu na nani anaweza kueleza kwa nini siku fulani aliuweka kando. Hapo atapata swali la kutafiti.

Kikwazo ni sisi wasimamizi, tuliolelewa na majedwali. Kwa hiyo kwenye jopo la utetezi wa tasnifu aongezwe mtu mmoja wa falsafa. Kwa Dar es Salaam hata udhuru wa umbali hatuna. Idara ya falsafa iko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kutoka chuo cha afya cha Muhimbili mtu anafika kwa daladala.