Nyongeza ya Kupunguziwa

Jamani, nina shida ambayo kila nikiisema watu wananitazama kama nimechanganyikiwa. Nimepewa cheo. Basi, shida yenyewe ndiyo hiyo.

Shemeji yangu aliposikia alipiga makofi. "Usimamizi! Na mshahara unapanda asilimia 20! Wewe saini, mengine utayajulia hukohuko." Shemeji mwenyewe huu mwaka wa pili hana kazi, ila kwa kushauri kazi za wenzake hajambo.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, mwaka wa 11 sasa. Mshahara wangu ni wa kusalimiana tu: unaingia, tunapeana mkono, unaondoka zake. Lakini kuna kitu sijawahi kumweleza mtu akanielewa. Pampu imekufa siku tatu. Umeifungua, umebadilisha beringi, umefunga, unawasha. Inakohoa mara mbili, kimya. Roho juu. Inakohoa ya tatu, inashika, maji hayo! Hapo hata ukiniuliza jina langu nachelewa kujibu. Sasa kwenye cheo kipya sishiki spana. Nasaini fomu za wanaokwenda kushika spana.

Usiku nikachukua kalamu. Kwa sasa ni saa 40 kazini na 5 njiani, jumla 45 kwa wiki. Huko kwenye ukubwa ni saa 50, na njiani 10, maana ofisi kuu waliijenga mwisho wa dunia: 60. Saa zinaongezeka theluthi nzima, mshahara asilimia 20. Nikagawanya. Nikarudia, nikidhani simu imeharibika. Kila saa yangu moja inashuka bei kwa asilimia 10! Yaani wananipandisha kuelekea chini, na shukrani wanaitaka kwa maandishi.

Kuna mchumi wa Uingereza, John Maynard Keynes, mwaka 1930 alitabiri kwamba baada ya miaka 100 hivi watu watafanya kazi saa 15 tu kwa wiki, na shida yao itakuwa namna ya kuumaliza muda uliobaki. Maskini mzee wa watu. Kwa cheo hiki, saa 15 nazimaliza Jumanne kabla ya kula mchana.

Nikampelekea mama watoto hesabu yangu. Akaipitia taratibu, mstari kwa mstari. "Umepatia, baba. Ila kodi ya nyumba hailipwi kwa masaa."

Nikakunja karatasi yangu.

Wakati nimekaa hivyo, mdogo wetu akaniletea mchoro. Familia yetu. Mama yupo, kaka yupo, yeye mwenyewe kajichora mikono mirefu hadi nje ya karatasi. Mimi sipo. Pembeni kuna mlango umefungwa, na kwa chini vinachungulia viatu viwili.

"Baba yuko wapi?"

"Si huyo, anarudi kazini."

"Mbona hajaingia?"

"Bado."

Na hapo ni za saa 45 hizo, za 60 hata sijazianza!

Fomu inatakiwa kesho saa mbili asubuhi. Niliuliza kama naweza kupewa cheo nusu, wakadhani natania. Iko hapa mezani, nimeilalia kiwiko. Nimetafuta kalamu nyumba nzima, kumbe anayo mdogo wetu. Kagoma kunipa. Anasema amesahau kuuwekea mlango kitasa.