Fikiri kwa Sauti

Wasifu wangu ulikuwa msomi kuliko mimi. Nilikuwa mwaka wa kwanza, muhula wa pili, nimeandika programu tatu maishani, na moja kati ya hizo kazi yake ilikuwa kuchapisha maneno "Habari dunia". Lakini kwenye sehemu ya lugha za programu nilijaza Java, JavaScript, Python, C na HTML. Java na JavaScript nilizipanga jirani nikidhani ni mtu na mdogo wake. Kumbe hawana undugu wowote, wamefanana majina tu. Na HTML nayo, niliambiwa baadaye, ni ya kupanga kurasa, wala haistahili kukaa kwenye safu ile. Lakini wakati huo ilikuwa ndiyo pekee niliyoijua vizuri.

Kampuni ikanijibu. Barua pepe ile niliisoma mara sita nikitafuta walikokosea jina. Usaili wa mafunzo kwa vitendo, kwa njia ya video, dakika 45, na ndani yake swali la kuandika programu huku wanaangalia.

Nikamkimbilia kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyewahi kupita kwenye tundu hilo la sindano. Akanipa ushauri mmoja tu, kwa sauti ya mzee anayetoa wosia. "Usinyamaze, mdogo wangu. Wale shida yao si jibu, wanataka kuona unavyofikiri. Fikiri kwa sauti. Kila kinachopita kichwani, kitoe."

Siku ikafika. Walikuwa wawili, dada mmoja mchangamfu na kaka mmoja ambaye muda wote alikuwa anaandika, hata pale niliposema "shikamoo" tu. Baada ya kujitambulisha, dada akasema kompyuta yangu inavuma sana, basi nizime maikrofoni anisomee swali, kisha niwashe nijibu. Nikabonyeza kile kitufe kidogo kwenye waya wa hedfoni. Akasoma. Kuna orodha ya namba milioni moja, zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Nimtafutie namba moja humo bila kupekua zote.

Nikalielewa swali. Furaha ya kuelewa ilikuwa kubwa kiasi kwamba habari ya kuwasha maikrofoni ikanitoka kabisa.

Jamani, niliongea siku ile! Nikaanza na mfano wa kamusi. Nikasema mtu anayetafuta neno "ng'ombe" haanzi na herufi A akisoma ukurasa mmoja mmoja. Anafungua katikati, akitua kwenye K anajua nusu ya mwanzo, A hadi K, haina kazi, anaiacha, anagawa tena iliyobaki. Nikasema namba milioni moja ukizikata nusu kwa nusu, hatua 20 zinatosha, kwa sababu 2 ikijizidisha mara 20 inafika 1,048,576. Sijawahi kusema maneno yaliyonyooka namna ile, wala sijayasema tena. Nikaona wananipungia mikono. Nikajua wamekolea, nami nikawapungia. Yule kaka akawa anagonga gonga sikio lake kwa kidole. Nikatafsiri kwamba anasema "tupo masikio", nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Nikatanua dirisha la kuandikia likafunika skrini nzima, nyuso zao zikapotea. Nikaanza kuandika huku naendelea kuhutubia. Sasa, kile kipande cha programu kinachojirudia, darasani tunakiita lupu, lakini kuna waliokitafsiri kitanzi. Waliotafsiri hivyo walijua wanachosema, maana nilinasa mle kama kwale. Niliiendesha programu, haikutoa jibu wala kosa. Ikazunguka tu, na feni ya kompyuta ikapandisha sauti kana kwamba tunataka kupaa.

Nikapunguza dirisha niwaangalie wananionaje. Ndipo nikakuta ujumbe saba pembeni. Wa kwanza ulisema "Hatukusikii." Wa mwisho ulisema "Ndugu, HATUKUSIKII," na ulikuwa umekaa pale dakika nne.

Hotuba yote. Kamusi, ng'ombe, hatua 20. Vyote vimebaki chumbani mwangu na mimi.

Jasho likanishuka. Lakini nikajipa moyo kwamba angalau kwa kuwa hawanisikii, nina nafasi ya kujipanga. Nikaanza kuusokota waya wa hedfoni kwa vidole, ndiyo tabia yangu nikiwa na hofu, huku nafikiri kwa sauti kama nilivyousiwa. "Haya, kitanzi hakiishi na sijui kwa nini. Wakiuliza, natulia hivi hivi bila kupepesa macho, wajue intaneti imeganda. Halafu nikirudi nasema hata maikrofoni ilikuwa ni intaneti."

"Sasa tunakusikia," dada akasema.

Yule kaka akaacha kuandika kwa mara ya kwanza.

Na hapo, naapa kwa Mwenyezi Mungu, intaneti ikakatika. Ya kweli. Dakika nne nzima nahangaika, nachomoa, nachomeka, nashika simu juu kama anayeomba mvua. Niliporudi hewani nikasema neno moja, "Intaneti..." na sikufika mbali. Dada alikuwa amejifunika uso kwa daftari, mabega yanacheza. Mwenzake alikuwa ametoka kabisa kwenye kamera.

Walipotulia wakanisaidia kwa upole. Dada akaniuliza, namba zikibaki mbili, mpaka wako wa chini, yaani pale sehemu iliyobaki inapoanzia, unasogea kweli? Nikafuatilia kwa kidole. Nilipaswa kuusogeza hatua moja mbele ya katikati, mimi niliuweka katikati penyewe, na namba zikibaki mbili, katikati ndiyo ile ile ya chini. Kwa hiyo ulikuwa hausogei hata kidogo. Nikaongeza 1, jibu likatoka papo hapo. Baadaye nilisoma kwamba maktaba ya Java yenyewe, ule mkusanyo wa programu zinazokuja tayari na lugha hiyo, ilikaa miaka kama 9 na kosa kwenye mbinu hii hii, likaja kutangazwa mwaka 2006. Walikuwa wanajumlisha mipaka miwili kabla ya kugawa, na orodha ikiwa kubwa sana jumla inavuka 2,147,483,647, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa aina ile ya namba, na kugeuka hasi. Nililala vizuri usiku huo.

Nafasi sikuipata. Barua yao ilikuwa ya heshima, ikinikaribisha nijaribu tena mwaka unaofuata.

Yule kaka wa mwaka wa tatu akaja kuuliza habari. "Vipi, waliona unavyofikiri?"

"Kuona waliona," nikamwambia. "Tena wakanipungia."